Kombi ya Mtahini

Mume wangu, Gawie Appolis, alikuwa mtahini wa madereva mjini kwetu Vaalkuil kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupokea hata yai la mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine nitakayosimulia hayampambi sana, na mimi ni mke wake, lazima nimtendee haki.

Karibu kila mwenye leseni Vaalkuil alifelishwa na Gawie kwanza. Alimfelisha mwalimu mkuu. Alimfelisha mkunga wa zahanati aliyenizalisha watoto wetu wote wawili, kwa kutotazama kioo cha pembeni. Mchungaji Jaftha alimfelisha mara mbili, na Jumapili iliyofuata akaketi benchi la mbele kanisani akaimba kwa sauti yake yote. Mimi mwenyewe alinifelisha mara mbili kabla hatujaoana. Ile mara ya pili, jioni yake, alikuja nyumbani kwetu nywele zimepakwa mafuta, eti kunifafanulia kosa langu la kona ya posta. Alifafanua kwa saa mbili na nusu. Baba akamnong'oneza mama jikoni, "Huyu kijana anataka nini hasa?" Mama akajibu, "Sijui, ila maandazi yamebaki mawili."

Watu wengine wakistaafu hununua kiti cha kuegemea. Gawie alinunua kombi ya kulala, kuukuu kuliko kifungua mimba wetu, kwa mjane mmoja wa barabara ya pili. Juu ilikuwa rangi ya maziwa, chini rangi ya boga. Ndani ina kitanda cha kukunjua, kabati, sinki ndogo na jiko la gesi. Injini iko nyuma, chini ya kitanda. Kwa miezi minne Gawie aliitengeneza. Alibadilisha vilivyotaka kubadilishwa na ambavyo havikutaka. Aliweka kufuli kila mahali palipokubali kufuli, na funguo zote akazivaa shingoni kwa kamba, akitembea analia kama ng'ombe mwenye kengele. Mimi nilishona mapazia.

Tuliondoka Ijumaa ya kwanza ya Machi, saa kumi na mbili asubuhi, kuelekea Mosselbaai, baharini, safari yetu ya kwanza ya ustaafu. Nilipika kababu za kondoo, nikachemsha mayai kumi na mbili, nikajaza chupa mbili za chai ya rooibos. Tulikwenda vizuri kwa dakika hamsini hivi. Baada ya daraja la mto mkavu kombi ikaanza kukohoa, ikavuta pumzi, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ikaserereka mpaka ukingoni mwa barabara.

"Imezima," nikasema.

"Haijazima, Kittie. Imesita."

"Imesita mpaka lini?"

Alivaa kizibao chake cha kung'aa, akachukua pembetatu nyekundu, akahesabu hatua arobaini na tano kurudi nyuma, akaiweka. Akatazama. Akairudisha nusu hatua. Ndipo akaja kufungua mlango wa injini, akaikodolea macho kama alivyokuwa akimkodolea mtahiniwa aliyechelewa.

Haukupita muda lori la kondoo likatupita, likasimama, likarudi kinyumenyume moja kwa moja mpaka mbele yetu. Akashuka Mncedisi, dereva wa mashamba ya huko kwetu. Naye Gawie alimfelisha mara tatu, zote kwenye kurudi kinyumenyume.

"Umeona, Tata Appolis?" Mncedisi akasema, akimwita baba kwa lugha yake, meno yote nje. "Nimenyooka kama rula!"

"Hukuwasha taa za tahadhari," Gawie akasema.

"Mama, huyu mzee hata akiwa amekwama?"

"Mwanangu," nikamwambia, "ungemwona akiwa amelala."

Mncedisi hakuwa fundi, lakini lori kuukuu humfundisha mtu. Alichomoa waya mmoja wa plagi, akafungua plagi, akairudisha kwenye waya wake, akamwambia Gawie aishikilie kwa koleo iguse bati la injini. "Mama, piga starta!" Nikapiga. Cheche za buluu zikaruka, ta-ta-ta. Halafu koleo likateleza, na mume wangu, ambaye tangu harusi yetu sijamwona akicheza, akaruka juu na mikono yote miwili.

"Umeme upo," Mncedisi akasema. "Tata amethibitisha mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Gawie alikuwa anapuliza vidole.

"Kama moto upo, basi ni mafuta," Mncedisi akaendelea. "Mafuta yapo?"

"Robo tatu ya tangi," Gawie akasema, akionyesha mshale kwenye dashibodi. "Tatizo litakuwa uchafu. Nitasafisha chujio."

Kondoo walikuwa wameanza kulalamika kwa joto. Mncedisi alipanda lori, akachungulia dirishani. "Nikifika penye mtandao, nimpigie Rozelda?"

"Hakuna haja," Gawie akasema haraka.

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Rozelda Windvogel ndiye fundi bora kutoka Vaalkuil mpaka milimani. Trekta, pampu ya maji, pikipiki ya mchunga kondoo, gari la wagonjwa, vyote hupita mikononi mwake. Ana miaka thelathini na sita na hana leseni. Gawie alimfelisha mara saba. Mara ya saba alikuwa amefanya kila kitu sawasawa mpaka kwenye kilima cha shule, pale ambapo mtu husimama kisha huondoka bila gari kurudi nyuma. Gari likarudi nyuma upana wa kiganja. Gawie akaandika. Tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, Rozelda huenda kazini kwa baiskeli, sanduku la spana limefungwa nyuma, na akipita mbele ya nyumba yetu humsalimu Gawie kwa adabu zote. Adabu hizo ndizo zilizokuwa zikimtesa mume wangu.

Basi akasafisha chujio. Alitandika kitambaa changu cheupe cha mezani juu ya majani, akapanga kila kipande alichokifungua, na kila kipande akakiandikia namba kwa kalamu juu ya kitambaa. Ilipita zaidi ya saa. Alipomaliza akapiga starta, kombi ikawaka mara ya kwanza, nzuri kabisa.

"Uchafu," akasema, ameinua kidevu.

"Hongera," nikasema. "Na kitambaa changu?"

Tulikwenda kilomita kumi na nne. Ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza.

Sitasema alisema nini, maana aliyefuata kusimama alikuwa Mchungaji Jaftha na pikapu yake, anakwenda kufungisha ndoa kwenye shamba moja saa tisa. Alikuja na suti nyeusi na furaha ambayo haikuwa ya harusi peke yake.

"Kaka Gawie! Dada Kittie! Bwana amenileta."

"Bwana au uvumi?" nikauliza.

"Mncedisi alinipigia," akakiri. "Kaka Gawie, jambo hili nalifahamu. Ni joto. Petroli inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Baba yangu alikuwa na kombi kama hii. Dawa yake ni vibanio vya nguo."

"Vibanio vya nguo," Gawie akarudia.

"Vya mbao. Si vya plastiki. Unabana kwenye bomba la mafuta, vinanyonya joto."

Ninavyo, nikasema, mwanamke hasafiri bila vibanio vya nguo. Mchungaji akavua koti, akabana vibanio vinane mfululizo, akalowesha kitambaa na chai yangu ya rooibos iliyopoa, akaviringisha bombani. Tukangoja nusu saa. Tulikula kababu. Mchungaji akamweleza Gawie, kwa upole mkubwa, kwamba kufeli mara mbili kulimfundisha unyenyekevu, na kwamba anamwombea naye apate bahati ya kufundishwa. Gawie akatafuna.

Tukapiga starta, ikawaka.

"Mnaona?" Mchungaji akasema. "Nitawafuata nyuma kwa usalama."

Mara hii kombi ilikwenda kilomita sita tu. Ilizimia mwanzo wa mpando wa Bokkloof, pale barabara inapoanza kupinda kwenda juu ya mlima, vibanio vyote vinane vikiwa mahali pake. Gawie alivuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akakaa juu ya jiwe la tatu. Nilimwona mgongo wake. Mtu niliyeishi naye miaka thelathini, mgongo wake nausoma kama barua. Nikaenda nikasimama karibu naye.

"Gawie. Kwa mama yake Rozelda ni kilomita kumi na mbili kutoka hapa, na wiki hii Rozelda yuko huko."

"Najua ni ngapi."

"Unaogopa atakucheka?"

"Akicheka ni afadhali," akasema. "Atanisalimu."

Nilimwonea huruma kidogo, lakini si sana. Nikamgeukia Mchungaji nikamwambia, "Nenda kamlete." Mchungaji alikuwa ameshawasha pikapu.

Rozelda alifika na ovaroli ya buluu na sanduku lake, akashuka, akanibusu shavuni. "Tannie Kittie." Kwetu kijana humwita mkubwa wake Tannie, shangazi, au Oom, mjomba. Kisha akamwendea mume wangu, akaunganisha mikono mbele. "Habari za mchana, Oom Gawie. Natumaini Oom ni mzima."

"Mzima, Rozelda," Gawie akasema. "Kombi ndiyo si nzima."

Mchungaji alitazama saa yake, akatutakia baraka, akakimbilia harusini. Tukabaki watatu. Rozelda hakugusa injini. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akachukua yai nililompa, akaanza kulimenya.

"Inazima vipi, Tannie? Ghafla, kama mtu aliyezima taa? Au polepole?"

"Polepole," nikasema. "Hivi." Nikamwigizia: nikanguruma vizuri, nikakohoa, nikavuta pumzi kwa shida, nikakohoa tena, nikakata roho huku nimeshika kifua.

"Kittie, tafadhali," Gawie akasema.

"Tannie amefaulu," Rozelda akasema. "Na mara ya kwanza ilikwenda muda gani?"

"Dakika hamsini."

"Halafu kilomita kumi na nne. Halafu?"

"Sita."

"Kila mara ikisimama inapona yenyewe, na kila mara inapona kwa muda mfupi zaidi." Alitia yai chumvi. "Oom, kabla ya safari ni kitu gani kilibadilishwa?"

Swali hilo lilimfurahisha mume wangu, kwa kuwa jibu alikuwa nalo kwenye maandishi. Alileta daftari lake, akavaa miwani, akaanza kusoma, namba moja mpaka mwisho: plagi nne, mpya, mkanda wa feni, mpya, mafuta ya injini, raba za vifuta kioo, taa ya namba za gari. Rozelda alikula yai la pili. Gawie akageuza ukurasa. Kumi na tano, bawaba ya kabati. Kumi na sita, kufuli la mlango wa nyuma. Kumi na saba, kifuniko cha tangi la petroli, chenye kufuli.

"Simama hapo, Oom."

Gawie akasimama. Nadhani hajawahi kuambiwa "simama hapo" na mtahiniwa.

"Kilikuwa kipya?"

"Kipya. Cha chuma. Siku hizi watu wanaiba petroli."

"Cha kombi?"

"Kiliingia vizuri," Gawie akasema, na mimi nikajua kwamba hakikuwa cha kombi.

Rozelda alijifuta mikono. Kwanza alivitoa vibanio vyangu kimoja kimoja, akanirudishia, midomo ikimcheza. Akachomoa bomba la mafuta kwenye pampu, akaweka kikopo chini yake, akaniambia nipige starta. Nikapiga. Bomba halikutoa kitu. Robo tatu ya tangi, na kwenye kikopo hata tone.

"Sasa Oom, funguo."

Gawie aliivua ile kamba shingoni. Ilichukua muda kuupata ufunguo wenyewe, maana ulikuwa mmoja kati ya tisa. Rozelda aliuingiza kwenye kifuniko, akakigeuza, na tangi likavuta pumzi, fyuuuuuu, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji. Tulisikia wote. Mpaka kindege kilichokuwa kwenye uzio kiliruka.

Mume wangu aliondoa miwani.

"Tangi linahitaji kupumua," Rozelda akasema. "Petroli ikitoka, hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha zamani kina kitundu. Hiki hakina. Ni kizuri, kimeziba kila kitu. Kwa hiyo injini inanyonya, inanyonya, mpaka pampu inashindwa. Mkisimama, hewa inapenya kidogokidogo kwenye viungio, inawaka tena. Si uchafu. Wala si joto."

"Kwa hiyo mwizi wa petroli," nikasema, "alikuwa ni kufuli."

Gawie alikuwa anatazama kile kifuniko mkononi mwa Rozelda. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Ungekuwa mtihani, ningejifelisha."

"Mara ngapi, Oom?" Rozelda akauliza, na hapo ndipo alipocheka, kicheko kilichokuwa kimengoja miaka mitatu, kilimtoka puani kwanza. Gawie naye akaanza, kwa aibu, akitikisika mabega. Mimi nilikuwa nimeshatangulia.

Rozelda alikwenda na kifuniko mbali na tangi, akakiweka juu ya jiwe, akakitoboa kitundu chembamba kwa keke ya mkono. Alirudisha kila kitu. Kombi ikawaka. Akaegemeza sikio mlangoni mwa injini, akasikiliza muda mrefu.

"Ijaribiwe kwenye mlima," akasema. "Mpaka kileleni, mgeuze, mniteremshe nyumbani. Oom aendeshe, mimi nisikilize."

"Sikio lako ndilo linalojua, na mguu wako ndio utakaohisi kama inavuta," Gawie akasema. "Endesha wewe."

"Oom anajua sina leseni," Rozelda akasema.

"Ya kujifunzia unayo?"

Alifungua sanduku la spana. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, ilikuwepo leseni ya kujifunzia, safi, tarehe haijapita. Alikuwa akiifanyia upya kila ilipokwisha. Gawie aliisoma mbele na nyuma, maana hawezi kushika karatasi asiisome.

"Mimi nina leseni kamili na nitakaa pembeni yako," akasema. "Sheria inaruhusu. Kittie, keti nyuma, shikilia vyombo."

Nilikaa kitandani juu ya injini, sufuria mapajani, nikawatazama visogo vyao. Rozelda alirekebisha kiti, akarekebisha vioo, akafunga mkanda, akatazama bega la kulia. Tukaondoka. Kombi ilipanda Bokkloof ikinguruma vizuri, gia ya tatu, ya pili, kona baada ya kona, na upande wa kushoto bonde likizidi kushuka. Hakuna kikohozi. Baada ya kona ya nne nilimwona mume wangu anapapasa mfuko wa shati, anatoa kalamu. Akafungua kijisanduku cha dashibodi, akatoa karatasi ya kambi ya Mosselbaai, ile ya nafasi tuliyowekewa, akaigeuza nyuma.

"Gawie," nikasema, "usithubutu."

"Nasikiliza injini," akasema, huku akiandika.

Pale penye mwinuko mkali kuliko kote, Rozelda aliwasha taa ya kando, akasogea ukingoni, akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akavuta breki ya mkono. Tulikuwa tumeelekea mbinguni. Sufuria zilinilalia kifuani zote.

"Oom," akasema, akitazama mbele, "mara ya saba gari lilikuwa la binamu yangu. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umelegea."

"Nilijua," Gawie akasema. "Niliusikia ulipouvuta. Lakini gari lilirudi nyuma."

"Nilijua na mimi. Mimi ndiye fundi, Oom. Ningeukaza kwa dakika kumi. Sikuukaza kwa sababu niliona ninaweza kulishika kwa klachi peke yake. Nilitaka Oom aone."

"Niliona," Gawie akasema. "Mbona hukwenda mji mwingine? Wengi walikwenda."

"Wangesema nimenunua. Leseni ya Oom hakuna anayesema imenunuliwa. Halafu Oom akastaafu. Nikienda sasa, watasema Rozelda alingoja mzee aondoke."

Gawie alitazama kiatu chake. Lori moja likatupita likipanda, na kombi ikatikisika kwa upepo wake.

"Ondoka ukiwa tayari," akasema, kwa sauti ile ya kazini ambayo nilikuwa sijaisikia tangu astaafu.

Rozelda akatazama kioo cha ndani, kioo cha pembeni, bega. Akaweka gia. Akaachia klachi mpaka kombi ikainua kichwa, akashusha breki. Tukaondoka. Mimi nilikuwa nimeangalia jiwe jeupe dirishani, nimelikazia macho, na nawaambia, lile jiwe lilikwenda nyuma tu.

Kileleni, kwenye kibao cha jina la mlima, aligeuza, akaegesha, akazima. Gawie aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. Kisha akampa karatasi. Nilichungulia juu ya bega lake. Alikuwa ameorodhesha kila kitu: kona tisa, gia, vioo, kusimama kilimani. Chini aliandika, "Kwenye kona ya sita alichelewa kutazama kioo cha kushoto." Na chini zaidi, kwa maandishi makubwa, "Amepita. G. J. Appolis, mtahini mstaafu. Haitumiki kokote."

"Kona ya sita nilitazama, Oom."

"Ulichelewa."

"Kulikuwa na nyani barabarani!"

"Nyani alikuwa kulia," mume wangu akasema.

Rozelda aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiingiza kwenye ule mfuko wa plastiki. Aliinama akafunga sanduku lake polepole kuliko lilivyohitaji, na mimi nikajishughulisha na kupanga sufuria ambazo hazikuwa na haja ya kupangwa.

Tulilala kwao usiku huo, maana mama yake, Tannie Bettie, alikataa katakata tuondoke na njaa. Kesho yake tukaenda Mosselbaai na kombi haikukohoa hata mara moja. Gawie alisimama kila kilomita hamsini kufungua kifuniko na kusikiliza.

Mwezi wa Mei Rozelda alikwenda kufanya mtihani, mji wa jirani, kwa kombi yetu. Gawie alijitolea kuipeleka. Nilikwenda naye ili asiongee na mtahini, kijana mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliongea naye hata hivyo. Alimweleza, kupitia uzio, jinsi ya kushika ubao wa karatasi upepo ukivuma. Nilimvuta mkono. Walipoondoka alitembea kando ya ule uzio, huku na huku, mpaka mlinzi akamletea kiti. Rozelda aliporudi, alishuka akiwa ameuma midomo, na Gawie akashindwa kuuliza. Nikauliza mimi.

"Nimepita," akasema. "Amesema kioo cha kushoto nilikitazama kupita kiasi."

Watu wa Vaalkuil walisema waliyosema. Lakini Mchungaji Jaftha alikuwa amesikia habari ya ile karatasi, na alichokisikia Mchungaji kwa kawaida hufika mbali, kwa hiyo maneno yalikwisha upesi. Rozelda aliionyesha mara moja tu, kwa Mncedisi, aliyedai atafutiwe na yeye karatasi ya kurudi nyuma.

Tannie Bettie alikuwa na miaka sabini na nne na hajawahi kuiona bahari. Mwezi wa Septemba Rozelda akaja kuazima kombi ampeleke. Gawie akampa funguo zote tisa na maelezo ya dakika arobaini. Walipoondoka akakata nyasi ambazo zilikuwa zimeshakatwa. Mchana wote simu ilikuwa mfukoni mwake, na kila ilipolia kwa jambo jingine alimkatiza mwenye kupiga. Saa kumi jioni ikalia. Aliiweka kwenye kipaza sauti kwa haraka hata akaiangusha.

"Oom Gawie," Rozelda akasema, "injini imezima."

"Imezima vipi? Polepole? Kifuniko umefungua? Ilivuta pumzi? Pembetatu umeweka? Umeme umeutazama? Usishike plagi kwa mkono. Bomba la pampu, lichomoe kwanza bomba la—"

Rozelda alimwacha amalize yote. Yalikuwa mengi. Mimi nilishaelewa kutoka kwenye upepo uliokuwa unasikika nyuma yake, na kelele za ndege ambazo si za kwetu.

"Nimeizima mwenyewe, Oom. Tumefika."

Gawie akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Tukasikia simu inabadilishwa mikono, na Tannie Bettie akauliza kama Kittie yupo, kwa sababu maji ya chai yamebandikwa na haoni sukari, na kabati imefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ni upi katika hizi tisa.